Hell, Norwe: shamba lililogeuzwa Jehanamu na kibao cha stesheni

Katikati ya Norwe kuna stesheni ndogo ya reli, jengo la mbao, ambayo watu hutoka mbali kwenda kupiga picha ukutani mwake. Jina la mahali lina herufi nne tu: HELL. Ubavuni mwa jengo kuna maandishi mengine, ya zamani kidogo: "Gods-expedition". Mgeni anayejua Kiingereza husoma Jehanamu, akipeleka jicho pembeni akakuta kitu kama msafara wa Mungu, basi hucheka, hupiga picha yake na kusubiri treni inayofuata.

Hakuna hata neno moja kati ya hayo alilolisoma sawasawa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha vizuri jinsi jina la mahali linavyoweza kumhadaa mtu aliyekaa mbali nalo. Wengi hukiandika kama kichekesho, wakatia mstari mmoja mwishoni: "kumbe kwa Kinorwe maana yake ni bahati." Mstari huo nao si kweli. Kwa hiyo tuna makosa mawili: la mgeni anayeona moto, na la mjuaji anayemsahihisha. Jina lenyewe halina moto wala bahati. Lina jiwe.

Tuanze na mahali penyewe. Hell iko Stjørdal, katika mkoa wa Trøndelag, kama kilomita 30 mashariki mwa jiji la Trondheim, upande wa kusini wa mto Stjørdal unapoingia kwenye mkono wa bahari. Ng'ambo ya mto kuna uwanja wa ndege wa Værnes, ndiyo maana wageni hufika kirahisi. Wakazi ni kama 1,500. Zamani mahali hapa pakihesabiwa chini ya Lånke, ambayo ilikuwa halmashauri inayojitegemea kuanzia 1902 mpaka 1962, ilipounganishwa na Stjørdal. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari. Barafu kuu ilipoyeyuka nchi iliinuka, bahari ikarudi nyuma, na kilichoachwa ni ardhi ya shayiri, viazi na majani ya ng'ombe. Juu ya mashamba hayo utaona nyumba za kule wanazoziita trønderlån: ndefu sana, ghorofa mbili, upana wa chumba kimoja, madirisha yamejipanga mstari mmoja kama mabehewa.

Wengi hupaita Hell kijiji, lakini neno hilo linahitaji tahadhari. Kwetu mtu akisema kijiji tunaona nyumba zimesogeleana, njia katikati, na jina linalobeba wote. Mashambani Norwe kiini ni gard, yaani shamba moja na majengo yake: nyumba ya watu, zizi, ghala la nafaka lililosimama juu ya nguzo ili panya wasipande. Kila gard ina jina lake, na jina hilo mara nyingi ni kongwe kuliko kanisa lililo jirani. Mashamba kadhaa yakikaa bonde moja yanaitwa kwa pamoja bygd. Kwa hiyo ukiuliza asili ya jina la kijiji cha Norwe, mara nyingi unauliza asili ya jina la shamba moja ambalo kwa sababu fulani liliwameza majirani zake. Hell ni hivyo hivyo. Kabla ya kuwa stesheni, na kabla ya kuwa kitongoji, Hell lilikuwa jina la shamba.

Sasa tulifungue neno. Shida ya Hell ni kwamba njia tatu zilizotoka pande tofauti zimekutana kwenye herufi zilezile nne.

Njia ya kwanza ni ya Kiingereza. Neno lao la Jehanamu linatokana na neno la kale la lugha za Kigermani (jamii ya Kiingereza, Kijerumani na Kinorwe) lenye maana ya mahali palipofichika, palipofunikwa. Wanorwe wa kale walikuwa nalo pia: Hel. Lilikuwa jina la makao ya wafu, na vilevile la bibi anayeyatawala, binti wa Loki, mungu mwenye hila wa hadithi zao, anayewapokea waliokufa kwa maradhi na uzee. Ukisoma alivyoyaeleza Snorri Sturluson, Mwaislandi wa karne ya 13, utaona makao hayo hayawaki moto. Yako huko kwenye ukungu na baridi. Moto uliletwa na dini iliyofuata. Mnorwe wa leo akitaka kutaja Jehanamu hasemi "hell". Husema "helvete", neno lililoundwa kwa Hel na víti, adhabu. Ni tusi zito kiasi, na halijawahi kuwa jina la shamba hili.

Njia ya pili ni ya bahati. Katika Kinorwe cha sasa kuna nomino hell yenye maana ya bahati njema, inayotokana na heill ya kale. Mtu akiponea chupuchupu atasema "til alt hell", kwa bahati nzuri. Ajali ndogo, kama ya kumwaga kahawa juu ya karatasi za ofisini, ni "uhell", yaani kukosa bahati. Hapo ndipo mjuaji wetu alipokwama. Aliuliza kamusi ya leo kuhusu jina la zamani, kamusi ikamjibu kwa adabu, naye akaondoka ameridhika.

Njia ya tatu ndiyo yenyewe: hellir. Katika Kinorwe cha kale hellir ni pango, au hasa mwamba uliotokeza mbele ukaacha uwazi chini yake, mahali ambapo mtu na mbuzi wake wanaweza kujibanza mvua isiwapate. Kwa Kiswahili ningeuita upenu wa jiwe. Neno hili ni ndugu na hella, jiwe bapa, lile linalotandikwa mlangoni watu wakanyage kabla ya kuingia. Halina udugu na Hel wala na heill.

Utajuaje kwamba njia ya tatu ndiyo sahihi, na si kwamba nimechagua iliyonipendeza? Hapa Norwe ina utajiri ambao nchi chache zinao. Mwaka 1878 serikali iliunda kamati ya kusafisha tahajia ya majina ya mashamba, kwa sababu daftari jipya la ardhi lilikuwa linaandaliwa na majina yalikuwa yamevurugika. Walioteuliwa walikuwa watatu: Oluf Rygh, Sophus Bugge na Johan Fritzner. Rygh alikuwa mtu wa Trøndelag, mzaliwa wa Verdal, si mbali na Stjørdal, na ndiye profesa wa kwanza wa akiolojia nchini humo. Kazi ya kamati ilimnasa. Akaendelea kukusanya, na mwaka 1897 likaanza kutoka kitabu kikubwa cha majina ya mashamba ya Norwe, juzuu baada ya juzuu, mkoa kwa mkoa. Alifariki 1899, wengine wakaendeleza, akiwamo ndugu yake Karl Rygh, aliyeshughulikia sehemu ya mkoa wenye Stjørdal.

Kinachonivutia katika kazi ile ni utaratibu wake, na ningependa wanaotunga maana za majina ya mahali wausome hata kidogo. Kwa kila shamba anaanza na jinsi wenyeji wanavyolitamka jina, kwa lahaja yao, si kwa karatasi. Kisha anapanga maandiko ya kale kwa miaka: hati ya mauziano hii, daftari la kodi lile, orodha ya mali ya kanisa ya wakati fulani. Kwa Trøndelag kuna hazina moja mashuhuri, daftari la ardhi la askofu mkuu Aslak Bolt wa Nidaros (jina la kale la Trondheim) la miaka ya 1430, linaloonyesha mashamba yaliyolipa kanisa na kiasi walicholipa. Maelezo ya maana huja mwisho kabisa, mafupi, na pale ushahidi unapokosekana anasema hivyo na kusonga mbele.

Kwa nini asianze na tahajia ya wakati wake? Kwa sababu haiaminiki. Norwe iliungana na Denmark kuanzia 1380 hadi 1814, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waliokuwa wakiandika, makasisi na makarani, waliandika Kidenmaki. Karani anasikia jina la mkulima, halielewi, analivalisha nguo ya Kidenmaki na kuliingiza kwenye daftari la kodi. Baada ya vizazi vinne mkulima mwenyewe anaanza kuamini karatasi. Jina linaweza kubadilika mpaka lisitambulike hata bila uzembe wa mtu. Chukua Bergen, mji unaojulikana na wengi. Ukiusoma kwa tahajia ya leo huoni kitu zaidi ya mlima. Umbo la kale ni Bjǫrgvin, na ile -vin ni malisho, uwanda wa majani. Malisho ya katikati ya milima yamebaki kuwa -en, silabi isiyosema lolote.

Majina mafupi yana hila yake pia. Shamba linaloitwa kwa kitu kimoja tu cha mandhari, bila kiambishi cha nyumbani wala cha kufyeka msitu, kwa kawaida ni la zamani: Vik ni ghuba, Nes ni rasi, Berg ni mlima, Haug ni kilima kidogo au kaburi la kale lililofukiwa kama kilima. Walowezi wa baadaye, waliolazimika kufyeka miti, waliacha majina yenye -rud au -rød, maana yake palipofyekwa. Hell ni la kundi la kwanza. Waliofika mapema hawakuhitaji maelezo mengi: kulikuwa na upenu wa jiwe mmoja unaojulikana, na aliyekaa karibu nao alikaa kwenye Upenu. Sisi tungetia -ni na kazi ikaisha, kama tunavyosema Mwembeni au Kisimani.

Msomaji ambaye hajawahi kuona hellir anaweza kudhani nazungumzia kijishimo. Basi tushuke mpaka kusini-magharibi, mkoa wa Rogaland, kwenye Jøssingfjord, mkono mwembamba wa bahari uliobanwa na kuta za mawe. Kuna mahali panaitwa Helleren. Ni neno letu lilelile, katika umbo lake la sasa, heller, likiwa na kiambishi cha Kinorwe cha kutaja kitu kinachojulikana. Mwamba umetokeza kama paa kwa urefu wa mita 60 na kina cha mita 10 hivi, na chini yake zimesimama nyumba mbili za mbao za karne ya 19. Watu waliishi humo mpaka karne ya 20. Paa za nyumba zile zina kazi nyepesi kuliko paa yoyote ya pwani ya Norwe, kwani mvua inaishia kwenye mwamba. Ukisimama mlangoni siku ya mvua unaona pazia la maji mbele yako na udongo mkavu miguuni. Ukishaiona picha ya Helleren hutauliza tena kwa nini mtu aupe mwamba heshima ya kuwa jina la shamba. Huo ni mtaji: pa kuweka nyasi, mashua, mifugo, na mtu.

(Jøssingfjord yenyewe ina hadithi yake ya jina, ila inakwenda kinyume na ya Hell. Februari 1940 Waingereza waliivamia humo meli ya Kijerumani Altmark na kuwatoa mateka wao. Miezi michache baadaye Ujerumani ilipokuwa imeikalia Norwe, wafuasi wa Wajerumani wakawaita wapinzani wao "jøssing" kwa dharau, nao wapinzani wakalipokea jina na kulivaa kama nishani. Kwingine neno hugeuka mahali. Hapa mahali paligeuka neno.)

Aislandi nayo inatoa ushahidi wa pembeni. Wanorwe walianza kuhamia huko miaka ya 870 wakiwa na lugha yao, na lugha hiyo imebadilika polepole sana. Mwaislandi wa leo akisema hellir anamaanisha pango, bila kuhitaji profesa. Pango lao mashuhuri ni Surtshellir, refu, lililochimbwa na mto wa lava, nalo limepewa jina la Surtr, jitu la moto. Ukitafuta hellir yenye uhusiano wowote na moto, nenda huko. Trøndelag utapata udongo wa mfinyanzi.

Linabaki swali moja la kiisimu. Ikiwa neno ni hellir, ile -ir ilikwenda wapi? Kule Rogaland mkia umebaki, Aislandi umebaki, Stjørdal umekatika. Jibu liko kwenye mdomo wa watu wa Trøndelag. Lahaja zao zinajulikana Norwe nzima kwa kumeza irabu za mwisho: wengine wakisema kaste, kutupa, wao husema kast na kufunga mdomo. Ondoa alama ya kisarufi ya hellir inabaki helli; mpe Mtrøndelag hiyo helli kwa miaka mia kadhaa, atakurudishia Hell. Tena lahaja hizo hulainisha ll ndefu, ulimi ukagusa kaakaa, sauti ikakaribia ly. Kwa hiyo neno analolitamka mzee wa huko, aliyekulia kwenye lahaja, ni laini kuliko lile analolisoma Mwingereza kwenye kibao. Walioshirikiana hapo ni macho tu. Masikio hayakuhusishwa.

Na kibao, kama nilivyodokeza kwenye kichwa cha habari, ndicho mkosaji. Kabla ya reli jina hili lilikuwa mali ya mashamba jirani, kasisi na karani wa kodi. Mwaka 1881 ikafunguliwa reli ya Meråker, kutoka Trondheim kupita Stjørdal hadi mpaka wa Uswidi. Stesheni inahitaji jina, na desturi ilikuwa kuchukua jina la shamba lililo karibu na kulipaka kwa herufi kubwa za kuonekana na abiria ndani ya behewa. Ghafla jina la shamba moja likawa tangazo. Mwaka 1902 ikaanza kutoka hapohapo njia ya kaskazini, kuelekea Levanger, ile iliyokuja kusogezwa kidogo kidogo mpaka Bodø mwaka 1962. Hell ikawa njia panda: kulia Uswidi, kushoto nchi za kaskazini. Njia panda hushusha abiria, na abiria husoma vibao.

Ile "Gods-expedition" nayo ni ya reli, na ni ya kawaida kabisa. Gods ni mizigo. Ekspedisjon ni ofisi ya kupokea na kutuma. Ni dirisha la mizigo. Stesheni yoyote ya Norwe yenye ukubwa kidogo ilikuwa nalo, na hakuna aliyelishangaa. Tahajia yenye x ni ya zamani. Leo wangeandika godsekspedisjon, neno moja refu, na utani ungepungua nusu. Maandishi yaliachwa yalivyo kwa sababu kufikia wakati huo kila mtu alishajua yanaleta watu.

Wenyeji wamefanya nini na haya yote? Hawakukasirika, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mwaka 1990 Mona Grudt, binti wa Stjørdal, alishinda taji la Miss Universe huko Los Angeles, naye alikuwa akijitambulisha kama mrembo kutoka Hell. Fikiria waandishi wa habari wa Marekani siku hiyo. Miaka ya 1990 likaanza tamasha la muziki wa blues lenye jina la mahali, na nadhani kwa mpiga blues hakuna ukumbi unaofaa zaidi. Kuanzia 2014 uwanja wa mbio za magari wa Lånkebanen ukapokea mashindano ya dunia ya rallycross, na waandaaji hawakusahau kulitumia jina. Waingereza wana msemo kwamba jambo lisilowezekana litatokea siku Jehanamu ikiganda. Watu wa Hell hupenda kujibu kwamba kwao huganda kila Januari.

Sina ugomvi na biashara hiyo. Lakini nina neno na wale wanaosema kwamba jina "limepoteza maana yake". Jina la mahali halifanyi kazi kwa maana. Mkulima wa karne ya 15 aliyelipa kodi kanisani huenda hakuwaza mwamba hata mara moja. Kwake Hell ilikuwa pale anapolala. Kule Norwe jina la shamba lilifanya hata kazi ya anwani ya mtu. Ulikuwa na jina lako na la baba yako, kisha shamba unaloishi. Ukihama au ukioa kwenye shamba jingine, sehemu ya tatu ilibadilika. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuzikwa kwa majina tofauti bila mtu kuona ajabu. Ni sheria ya mwaka 1923 iliyowataka wote wawe na jina la ukoo lisilobadilika, na wengi wakagandisha lile la shamba walilokuwapo, ndiyo maana orodha ya majina ya Wanorwe husomeka kama ramani: Berg, Haugen, Bakken, Vik.

Ubishi wa tahajia haujaisha mashambani. Sheria ya majina ya mahali ya 1990 iliwapa wataalamu wa lugha uzito mkubwa, wakitaka majina yaandikwe kwa kufuata matamshi ya kurithi. Wakulima wengi wakanung'unika: herufi zilizoandikwa kwenye jiwe la kaburi la babu zinabadilishwaje kwa barua kutoka ofisini? Bunge likasikia, na marekebisho ya 2015 yakampa mwenye shamba haki ya kuamua tahajia ya jina la shamba lake. Kwa hiyo leo mwenye shamba anaweza kushika umbo lililosimama kwenye hati za familia, na mtaalamu atabaki kutoa ushauri.

Stesheni haina babu wa kulalamika. Kibao kiko palepale, herufi nne, na wakati wa baridi theluji hukaa juu yake mpaka ijiangukie yenyewe.